Fedha Yenye Masharti: Jinsi Chile Ilivyounganisha Huduma za Watoto Wachanga

Mjamzito akifika kwa mara ya kwanza katika kliniki ya serikali nchini Chile, mkunga hupima presha na uzito, kisha huvuta karatasi fupi iitwayo EPSA. Una miaka mingapi? Umesoma hadi darasa la ngapi? Nyumbani kuna wa kukusaidia? Mimba hii uliitaka? Una huzuni isiyokwisha? Kuna matumizi ya pombe au dawa za kulevya? Unapigwa? Hata kuchelewa kuanza kliniki, mimba ikiwa imepita wiki 20, huhesabiwa kuwa dalili ya hatari.

Maswali hayo mkunga yeyote anaweza kuyauliza. Kazi huanza mama anapojibu, “Ndiyo, napigwa.” Mkunga hana ruzuku ya kumpa, hana mwanasheria, hana nafasi katika kituo cha kulelea watoto. Vyote hivyo viko kwa wakubwa wengine, na kila mkubwa ana bajeti yake na ripoti yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chile ilitafuta njia ya kuwafanya manahodha hao wavute upande mmoja bila kumfukuza hata mmoja wao.

Michelle Bachelet, ambaye ni daktari wa watoto, alishika urais Machi 2006. Mwezi huohuo aliunda baraza la wataalamu chini ya mchumi Mario Marcel, likapendekeza mfumo wa kumsindikiza mtoto tangu tumboni. Jina lake likawa Chile Crece Contigo, yaani Chile inakua pamoja nawe. Mwaka 2007 mfumo huo ulianza katika halmashauri 159; mwaka 2008 ukazifikia zote 345. Kasi hiyo ina maelezo yake. Karibu kila mwanamke nchini humo tayari alikuwa akijifungua mikononi mwa wataalamu, na wengi wao katika hospitali za umma. Serikali haikujenga mlango mpya. Ilichukua mlango ambao mama alikuwa anaupita tayari, yaani kliniki ya wajawazito, ikaufanya kuwa mlango wa huduma zote.

Ufundi wenyewe uko kwenye njia ya fedha. Wizara ya Afya ndiyo yenye wakunga, lakini uratibu ulikabidhiwa Wizara ya Mipango, isiyo na zahanati hata moja. Fedha za huduma za nyongeza ziliwekwa huko. Wizara hiyo ikawa inasaini mkataba na Wizara ya Afya: fungu hili ni la kuwatembelea nyumbani wajawazito walio hatarini, hili la mafunzo ya wazazi, na kazi itapimwa kwa viashiria hivi. Halmashauri nazo zilipewa fungu la kuendesha mtandao wa halmashauri, ambamo kliniki, ustawi wa jamii na vituo vya watoto hukaa meza moja chini ya mratibu mwenye jina na simu.

Tazama tofauti. Kamati ya kawaida ya wizara mbalimbali huandika maazimio, kila mjumbe akarudi ofisini kwake, na mwaka ukaisha. Hapa mshika fedha hakuwa na huduma ya kuitetea wala eneo la kulilinda. Alichotaka ni kuona kilichosainiwa kimefanyika.

Baada ya fedha, daftari. Dalili ya hatari ikijazwa katika mfumo wa kompyuta wa pamoja, huwa tahadhari ambayo mtandao wa halmashauri unaiona. Mama akipewa rufaa ya ruzuku, rufaa hiyo haibaki kwenye kipande cha karatasi ndani ya mkoba wake; hubaki wazi kwenye mfumo mpaka ishughulikiwe.

Kuanzia 2009 familia ziliongezewa kitu cha kushika. Mtoto akizaliwa katika hospitali ya umma, huondoka na kitanda chake, nguo, mbeleko, mto wa kunyonyeshea na mafuta ya kumkanda. Wapo walioona hiyo ni zawadi ya kisiasa. Lakini kitanda hicho kina kazi: mtoto analala salama, na mzazi anaelekezwa namna ya kukitumia kabla hajatoka wodini.

Septemba 2009 mfumo uliingizwa katika Sheria namba 20.379. Miezi sita baadaye serikali ya mrengo mwingine, ya Sebastián Piñera, iliingia madarakani, na mfumo ukaendelea. Sheria hiyo iligeuza baadhi ya huduma kuwa haki, ikiwemo nafasi ya bure katika vituo vya watoto kwa asilimia 60 ya kaya zenye hali ngumu zaidi.

Udhaifu upo, nao unatoka kwenye nguvu ileile. Mlango ukiwa kliniki, mtoto anayezaliwa hospitali binafsi hupata elimu ya umma na simu ya ushauri tu. Na kadiri mtoto anavyokua, ziara za kliniki hupungua, kamba ikalegea. Hapo awali mfumo ulikoma mtoto akifika takriban miaka minne. Baadaye umri ukasogezwa mbele. Halmashauri ndogo nazo huona mzigo wa kujaza mfumo ukiangukia mikono michache.

Tanzania ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto Desemba 2021, nayo inagusa wizara nyingi. Kadi ya kliniki tunayo, mkunga tunaye, kamati tunazo. Somo la Chile ni swali moja la kuuliza kikao cha halmashauri kikifika kwenye bajeti: mkunga akiandika rufaa leo, ni nani ambaye fungu lake linategemea rufaa hiyo kujibiwa?