Tazama Mlima Kabla ya Maji: Kuchagua Ufukwe wa Kuogelea Ziwa Nyasa

Wageni wengi wakifika Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, husifu mchanga, huvua viatu na kujitosa. Mchanga wa Matema ni mzuri kweli, lakini katika kupima ufukwe wa kuogelea, mchanga ndio kigezo dhaifu kuliko vyote. Ziwa lililopakana na milima husomwa kuanzia nchi kavu.

Geukia mashariki kwanza. Milima ya Livingstone, yenye vilele vinavyopita mita 2,000, imesimama kama ukuta na kuzama ziwani. Mteremko huo hauishii ukingoni. Unaendelea chini ya maji. Kwa hiyo mlima ukikaribia ufukwe, ujue kina nacho kimekaribia. Ukielekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu, maji ni maangavu na samaki wadogo wa rangi huonekana wakichezea mawe, ila hatua chache tu kutoka ukingoni miguu haigusi chini. Hapo ni pa waogeleaji hodari. Asiyejua kuogelea na watoto wasiletwe huko, hata maji yakiwa yametulia kiasi gani.

Upande wa magharibi kuna tambarare ya Kyela, na mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Rungwe. Huko sakafu ya ziwa haishuki ghafla, lakini mito huja na matope, na penye mdomo wa mto hupatikana viboko na mamba. Mdomo wa Mto Lufilyo ni pa kutazamwa ukiwa ndani ya mtumbwi, na mwenyeji akiwa ndiye anayepiga kasia. Mimi huchagua kipande cha katikati: mbali na mto, na kabla ukuta wa mlima haujaufikia ufukwe. Ingia taratibu, ukipapasa chini kwa mguu kila hatua, hadi ujue panapokatikia.

Kisha tazama majani. Matete na magugu yaliyoota majini humficha mamba, na pia ni makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Tembea kwenye mstari wa takataka ambazo mawimbi yameziacha mchangani, uokote magamba madogo ya konokono. Lishike gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, huenda ni la jamii ya konokono wanaoeneza kichocho cha mkojo. Gamba bapa, lililojiviringa kama kamba iliyolazwa mezani, huenda ni la jamii inayoeneza kichocho cha tumbo. Si kila konokono wa namna hizo ana vimelea, lakini ukiyakuta mengi, songa mbele. Usipoyakuta, usijihakikishie kupita kiasi, maana katika Ziwa Nyasa wapo konokono wa kichocho wanaoishi hata kwenye mchanga mtupu usio na jani.

Hapa ndipo ushauri uliozoeleka unapopungukiwa. Watu husema, oga wanapooga wenyeji. Kwa habari ya mamba, ushauri huo ni wa kweli. Msalimie mzee anayeshona nyavu, umwulize watoto wanaogea wapi, na umsikilize. Lakini mayai ya kichocho huingia majini kwa mkojo na kinyesi cha watu, kwa hiyo bandari ya kijiji, wanapofulia na kuoshea vyombo, ndipo hatari hiyo inapokuwa kubwa zaidi. Ufukwe bora uko kwenye ghuba ileile ambayo wenyeji wanaiamini, lakini umesogea mbali na bandari, mahali ambapo mawimbi yanafika na maji hayatuami.

Saa nayo ina uzito wake. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi ya kuchelewa hadi mchana. Alfajiri na magharibi ni saa za kiboko na mamba. Kinachobaki ni asubuhi baada ya jua kupanda, hadi kama saa nne.

Msimu usiupuuze. Ziwa hili lina urefu unaozidi kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini, na upepo wa kusini wa miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, husukuma mawimbi urefu wote huo hadi yaje kuvunjikia Matema. Masika nayo huchafua maji kwa matope ya mito. Septemba na Oktoba, upepo ukipungua na mvua hazijaanza, ndipo ufukwe huu unapokuwa katika ubora wake.

Hata ukichagua vizuri, nenda kituo cha afya ukapimwe kichocho miezi miwili au mitatu baada ya kuogelea, bila kusubiri dalili. Ukipimwa mapema sana, minyoo haijakomaa na mayai hayaonekani. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa vidonge, na inatibu.