Pembe Isiyobahatishwa

Kando ya General Waruinge Street, upande wa Ziwani, honi ya matatu inayotoka Eastleigh husikika nyembamba ikikujia na nzito ikishakupita. Lakini wakati ule gari linapokatiza mbele yako hasa, kasi yake haiongezi wala haipunguzi kitu kwenye sauti, hata dereva akiwa amekanyaga mafuta kwelikweli. Christian Doppler alieleza tabia hii ya mawimbi mwaka 1842. Mashine za ultrasaundi hupima kasi ya damu kwa kanuni hiyohiyo, na udhaifu wake zimeurithi pia: damu inayokatiza mbele ya probu, kile kifaa kinachogusishwa ngozini, huonekana kana kwamba imesimama.

Chukua mshipa wa shingoni. Damu inakwenda sentimita 50 kwa sekunde, mawimbi ni ya megahezi 5, na pembe kati ya mawimbi na mshipa ni digrii 60. Mwangwi hurudi ukiwa umebadilika kwa takriban hezi 1,600, masafa ambayo sikio linayasikia; ndiyo maana mashine hutoa ule mvumo wa mapigo. Ili hezi hizo zigeuke kuwa kasi, panahitajika kosaini ya pembe, na pembe huwekwa kwa jicho: mpimaji anazungusha mstari mdogo kwenye kioo mpaka ulingane na mshipa. Akidhani ni digrii 60 kumbe ni 55, kasi itaandikwa juu kwa asilimia 15 hivi. Mshipa ukipinda na kutoka nje ya picha, hata jicho la mzoefu halina cha kuona.

Wanaopima damu ya kitovu cha mtoto tumboni hulikwepa tatizo hili kwa werevu. Hugawanya kasi ya juu kwa kasi ya chini, na kosaini, kwa kuwa iko pande zote mbili, inajifuta. Mama wa Ziwani anayefanyiwa kipimo hicho hapati kosa la pembe katika uwiano wake. Ila uwiano hausemi ni mililita ngapi za damu zinamfikia mtoto.

Kwenye moyo, ukwepaji huo hautoshi. Vigezo vya World Heart Federation vya mwaka 2012 vya kutambua ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi vilitaka damu inayovuja kwenye vali ya mitral irushwe angalau sentimita 2, kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde au zaidi, na ionekane katika picha za pande mbili. Sharti hilo la pande mbili nalisoma kama ungamo kwamba damu hairuki kwa ubapa wa kioo. Kuutambua ugonjwa huo mapema si jambo dogo: huko Gulu, Uganda, utafiti wa penisilini uliohusisha watoto na vijana 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado umejificha ulionyesha ugonjwa ukizidi kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa sindano, dhidi ya 8.2 ya wasiochomwa. Wote walitambuliwa kwa ultrasaundi.

Suluhisho ninalolihusudu lilitoka Denmark, kwa Jørgen Arendt Jensen na wenzake. Wimbi la sauti lina migongo na mabonde kwa mwelekeo wa kina tu. Mwendo wa kukatiza hauna cha kuvuka. Mwaka 1998 Jensen na Peter Munk walipendekeza kupokea mwangwi kwa namna nyingine: badala ya kuipa safu yote ya vipokezi uzito sawa, zipewe uzito sehemu mbili zilizoachana. Mwangwi wa sehemu hizo ukijumlishwa, hujitokeza migongo na mabonde ya upande, yenye upana unaojulikana. Chembe nyekundu inayokatiza sasa ina cha kuvuka, na idadi ya migongo inayovukwa kwa sekunde hutoa kasi ya upande huo.

Mwaka 2014 Michael Pihl na Jensen waliipeleka mbinu hiyo kwenye probu yenye vipokezi 32 kwa 32, yaani 1,024, wakasoma kina, kushoto-kulia na mbele-nyuma kwa pamoja. Ukiwa na kasi tatu huhitaji kuuliza pembe. Inatoka yenyewe.

Gharama iko kwenye muda na nyaya. Sauti husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde. Kwenda sentimita 5 na kurudi ni mikrosekunde 65. Mistari 64 kwa 64 ikipigwa mmojammoja, mjao mmoja unamaliza zaidi ya robo sekunde, na Doppler hutaka mapigo kadhaa kwa kila mstari. Moyo haungoji. Kwa hiyo kundi la Mickael Tanter, Paris, lilituma wimbi moja pana linaloangaza mjao wote, kisha kompyuta ikaunda picha baadaye.

Nyaya nazo zinapunguzwa kwa kuunganisha vipokezi kwa safu mlalo na safu wima: 32 na 32 ni nyaya 64, si 1,024. Kwangu hii ndiyo njia yenye matumaini zaidi kwa hospitali zetu. Kasoro yake ni kwamba probu bapa ya aina hiyo huona tu kisanduku kilicho chini yake moja kwa moja. Shingoni hilo halisumbui. Moyo hutazamwa kupitia upenyo mwembamba kati ya mbavu, na hapo picha lazima itanuke kadiri inavyozama, kwa lenzi ya ziada au kwa kurudi kwenye gridi kamili na nyaya zake zote.