Alama ya Kidole Gumba

Chetezo cha bibi yangu kimepasuka mdomo siku nyingi, lakini hakitupwi. Nje kimesuguliwa kwa kombe la pwani mpaka kinateleza. Ndani, pasipofika kombe, pana kibonde cha kidole gumba. Nikitia changu huingia ncha tu. Bibi alikuwa na vidole vyembamba, nikajiambia.

Miaka miwili nilihangaika kuandika habari za maisha yangu. Kila nikianza na "nilizaliwa", halafu mwaka, halafu skuli, maneno yanakauka kama udongo uliosahauliwa juani. Siku niliyoandika juu ya kibonde kile, zilikuja kurasa nne bila kuinuka.

Bibi alifinyanga huko Fumba, ncha ya kusini magharibi ya Unguja, ambako leo majumba mapya yanaota kila nikienda. Gurudumu hakulijua. Aliponda udongo, akauchambua vijiwe, akautia mchanga kidogo usije ukapasuka motoni, kisha akaukanda. Donge alilitoboa kwa ngumi, akapandisha ukuta wake kwa kulizunguka yeye mwenyewe, ameinama, chungu kimetulia kama mgeni anayehudumiwa. Baadaye kivulini siku kadhaa. Makumbi na makuti makavu yalingoja zamu yao. Ukimwuliza lini atachoma, alijibu: "Vikikauka."

Siti binti Saad alizaliwa Fumba hiyohiyo, yapata 1880. Utotoni aliitwa Mtumwa, na hilo halikuwa jina la mapambo. Alifinyanga, akachukua vyungu kwenda kuviuza mjini, akahamia huko 1911. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akitia sauti kwenye santuri. Shajara hakuacha. Shaaban Robert alimkuta uzeeni, muda mfupi kabla hajafariki 1950, akamsikiliza, na wasifu aliouandika umetoka katika kusikiliza huko. Namhusudu kwa kikao kile. Mtu mwenye haraka angemuuliza habari za Bombay kwanza.

Sayyida Salme naye alizaliwa Mtoni 1844, katika jumba la kifalme, akaondoka Unguja 1866, na kitabu chake kikatoka Ujerumani 1886. Kuandika alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alianza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wanawe, mbali na bahari yake, na alichokishika kwanza ni ua wa Mtoni na ndege na wanyama waliozurura humo, na baba yake akitembea huku akichechemea kwa jeraha la zamani la risasi. Sultani mzima, nasi tunamjua kwa mguu wake! Ila anapofika kuutetea utumwa kalamu inageuka ya wakili, nami hapo namwacha, nikimkumbuka mtoto wa Fumba na jina lake.

Wanasema mfinyanzi hulia gaeni, na husema kwa kumhurumia: vyungu vizima vimekwenda sokoni, yeye kabaki na kipande. Kwa mwandishi wa maisha yake mwenyewe sioni cha kuhurumia. Makubwa ya maisha yetu tumekwisha kuyasimulia harusini na matangani mpaka yamelainika, hayana tena pa kushika. Gae lina kingo. Linakwaruza.

Mwezi uliopita nilimsomea mama zile kurasa nne. Nilipofika kwenye vidole vyembamba vya bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Bibi yako alikuwa na mikono kama makasia," akasema. "Hilo gumba langu mimi. Nilikuwa na miaka sita, chetezo kibichi, nikakibonyeza. Nikachapwa."

"Mbona hakukilainisha?"

"Alikichoma vivyo hivyo. Wala hakukiuza."

Nimezichana kurasa nne. Naanza tena, na chetezo kipo mezani.