Ngozi Iliyobandikwa ili Ibanduke

Fundi seremala mmoja wa Ujiji aliniita nione meza ya kuandikia ya Kifaransa aliyoletewa. Ngozi yake ya kijani ilikuwa imefura katikati kama chapati kikaangoni, na pembeni imejikunja. Aliyeitengeneza kabla yake alipaka ubao mzima gundi ya viatu, akabandika, akaenda zake.

Iliniuma, kwa sababu meza hizi zilifikiriwa vizuri sana. Umbo lake lilikomaa Paris karne ya 18 ilipoanza, katika karakana kama ya André-Charles Boulle. Mara nyingi mwili ni mwaloni uliovikwa vipande vyembamba vya mbao za thamani. Ngozi haikulazwa juu ya uso. Ilitumbukizwa kwenye kina kifupi kinacholingana na unene wake, hivyo ukipitisha kidole kutoka kwenye mbao hadi kwenye ngozi hakikwami.

Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Uji haukauki upesi, kwa hiyo fundi ana nafasi ya kuisogeza ngozi mpaka ikae sawa. Ngozi iliyolowa uji hutanuka, na ikikauka hurudi. Ukiivuta wakati wa kubandika, kesho utakuta ufa pembeni. Huachwa izidi kidogo, ikabonyezwa ukingoni kwa ukucha, kisha kisu kikali kikafuata alama hiyo. Mistari ya dhahabu huja mwisho: ute wa yai, karatasi ya dhahabu, na gurudumu dogo la shaba lililopashwa moto. Dhahabu hushika pale tu gurudumu lilipopita, iliyobaki hufutwa.

Zaidi ya yote, uji hukubali kulainishwa. Ngozi ikichakaa, kitambaa chenye maji ya vuguvugu huibandua bila kuuumiza ubao.

Ile gundi ya viatu ilitoka na nyuzi za mbao. Fundi alikwangua siku nzima kwa patasi, akaziba mashimo, akapiga msasa. Ubao wa kati ulikuwa umepasuka, kwani hutanuka na kusinyaa kwa upana kati ya masika na kiangazi, nao ulikuwa umegandishwa kwenye fremu pande zote nne. Alichonga mwingine wa mninga, mti usiochezacheza sana, akauingiza kwenye mfereji bila gundi, ukiwa na nafasi ya kupumua.

Kisha akabandika sufuria ya uji jikoni, akaniomba nikoroge.