Sauti Zilizomo Nyumbani Mwetu

Sisi watu wa Tanga twajivunia Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, nasi twafanya hivyo kwa haki. Miongoni mwa vitabu vyake mna wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Kitabu hicho ni chema. Chatuonyesha jinsi mtu wa asili nyonge alivyopanda daraja kwa juhudi. Lakini kina upungufu mmoja, ambao si kosa la mwandishi: hakisikiki. Atakaye kujua kwa nini watu walimpenda Siti hana budi kuzisikiliza santuri zake, ambazo alianza kuziimba Bombay mwaka 1928. Humo mna pumzi yake, na namna alivyolivuta neno. Mambo hayo kalamu haiwezi kuyaandika.

Basi santuri zile zilitolewa nyingi zikauzwa. Ikivunjika moja, huenda nyingine iko kwa jirani. Sivyo zilivyo kaseti za nyumbani. Kaseti ya arusi iliyofanyika Pangani, au ya bibi akisimulia hadithi kwa Kibondei huko Muheza, ni moja tu duniani. Nasi twaidharau kwa kuwa msemaji wake hana jina kubwa. Hapo twaona hukumu yetu imepotoka: cha dukani twakifunika kwa kitambaa, cha nyumbani twakitupa darini.

Nasi twakiri kosa letu. Tulipokuwa watoto tuliitwaa kaseti yenye sauti ya bibi yetu, tukarekodi juu yake nyimbo za dansi. Nyimbo zile zapatikana hata leo; bibi amekwisha kufa, na sauti yake hatutaisikia tena.

Kinga yake ilikuwa jambo jepesi. Nyuma ya kaseti mna vimeno viwili. Vikivunjwa, redio haikubali tena kurekodi juu yake. Yafaa pia kuiweka mbali na unyevu wa pwani uletao koga, na mbali na spika, maana sumaku yaweza kuiharibu sauti. Kisha inakiliwe katika kompyuta au simu maadamu ingali yasikika, na nakala zikae katika nyumba mbili. Tena iandikwe ni nani asemaye, wapi, na mwaka gani. Kwani sauti isiyo na jina ni yatima. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.