Paa la Udongo Kwihara

Ukitoka Isevya, mjini Tabora, ukaelekea kusini-magharibi, kilomita chache nje ya mji unafika Kwihara, lilipo Tembe la Livingstone. Wageni wengi huvutwa na jina hilo. Kinachonivuta mimi ni ufundi wa ujenzi wa tembe, hasa paa.

Paa la tembe ni bapa, tena la udongo, katika nchi ambayo mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mafundi huanza na kuta. Udongo hukandwa kwa miguu mpaka ulainike, kisha hupandishwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka huachwa likauke kabla ya kubebeshwa jingine. Fundi mwenye haraka huumbuliwa na ukuta wake mwenyewe. Juu ya kuta hulazwa magogo yaliyonyooka, juu ya magogo fito zilizobanana, halafu nyasi, halafu udongo unaoshindiliwa mpaka ugande. Ustadi wenyewe uko hapa: paa lina mteremko mdogo mno, ambao jicho halikamati, wa kupeleka maji kwenye mlizamu. Mteremko ukipungua, maji hutuama na kupenya. Ukizidi, maji huondoka na udongo. Mafundi hao walipata kipimo cha katikati.

Nyumba ya namna hiyo ilimsitiri Henry Morton Stanley mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilipofunga njia ya Ujiji. Februari 1872 alirudi Kwihara pamoja na David Livingstone, msimu wa mvua haujaisha. Stanley aliondoka Machi na shajara ya mzee huyo iliyotiwa lakiri. Livingstone alibaki hadi Agosti 25, akiwangoja wapagazi kutoka pwani, huku akiandika. Maandishi ambayo wanahistoria wanayasoma mpaka leo yalisalimika chini ya magogo na udongo ule.

Jengo hilo limewahi kujengwa upya, na kwangu hilo haliliondolei heshima, maana tembe huishi kwa kurudiwarudiwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia jengo linalolindwa lisibomolewe ovyo, lakini haiwezi kupanda juu kuziba nyufa. Hiyo ni kazi ya mikono, kila baada ya masika. Na ikifanywa kwa saruji, ni hasara: saruji hunasa unyevu, udongo hulainika nyuma ya lipu, na siku moja kipande kizima huanguka. Kiraka cha udongo hulowanishwa, husuguliwa kwa kiganja, huachwa kipasuke kidogo, husuguliwa tena, mpaka usijue kilipoanzia.

Ningefurahi sana wanafunzi wa ujenzi wa Tabora wapelekwe Kwihara mvua zikikatika, wakiongozwa na wazee ambao bado wanajua kukandika. Nyufa za msimu mmoja zinatosha kufundishia darasa zima.