Pumzi ya Korneti Mtaani Pioneer

Jumapili moja alfajiri mtaani Pioneer, Eldoret, baridi ya Uasin Gishu ikiwa haijaachia, nilimtazama mzee mmoja wa Jeshi la Wokovu akiiandaa korneti yake, ile tarumbeta fupi. Alitia tone la mafuta katika kila vali, akazibonyeza moja moja mpaka zikalegea. Kisha akaipuliza taratibu, pumzi ya moto ikapita ndani ya shaba bila kutoa mlio. Kijana mwenye tuba alikuwa na haraka ya kuanza.

"Ngoja, mwanangu," mzee akamwambia. "Ipashe moto kwanza."

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na shaba ikipoa, sauti yake hushuka. Walipokuwa tayari walishika noti moja ndefu. Mwanzoni sauti zao zilikwaruzana. Mzee hakusema neno, aliendelea tu kuishika noti ile, na kijana akawa anakaza midomo, anailegeza, anasikiliza, mpaka mkwaruzo ukaisha. Korneti ina vali tatu tu. Sauti nyingine zote hutafutwa kwa midomo, pumzi na sikio.

Ufundi huu umetoka mbali. Huko pwani, tangu karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa waliyasikia matarumbeta ya wageni wakaunda ngoma yao ya mashindano, beni. Katika Jeshi la Wokovu, bendi za shaba zilianza kwa watu wanne: Charles Fry, mjenzi wa Salisbury, Uingereza, na wanawe watatu, mwaka 1878. Jeshi hilo liliingia Kenya mwaka 1921, likatia mizizi hasa magharibi mwa nchi.

Lililoulinda ufundi huu ni malezi. Katika bendi hizi, kuanzia korneti hadi tuba, ala za vali karibu zote husomwa na kubonyezwa kwa namna moja. Mtoto alipewa ala iliyokosa mtu, na alipokua akahamia nyingine. Mwalimu wake alikuwa yule aliyeketi kando yake.

Siku hizi kiti hicho cha kando kiko wazi. Harusini na matangani tunakodi spika kubwa, tunabonyeza kitufe, na majirani watatu hawawezi hata kusalimiana. Tumenunua kelele tukaacha usikivu. Spika haimdai mtu mazoezi, wala haimfundishi kijana kuishusha sauti yake ili ya mwenzake isikike.

Eldoret ilitunukiwa hadhi ya jiji mwaka 2024. Hadhi hiyo haitakamilika kwa lami na maghorofa tukiwaacha wazee hawa waondoke na ujuzi wao. Mzazi, mpeleke mwanao mazoezini akae kando ya mzee. Nawe mwenye harusi, iite bendi, na uilipe vizuri.